Plasta ya Mke wa Chokaa

Hospitali nzima ilimwita Chokaa. Jina lake halisi walilijua karani wa mishahara na mkewe tu, na mkewe alilitumia siku za hasira peke yake. Kwa miaka ishirini na saba Chokaa alikuwa fundi wa chumba cha plasta, kile chumba cha mwisho upande wa wagonjwa wa mifupa, chenye sinki lililopauka na sakafu isiyotakata hata ikipigwa deki mara tatu kwa siku. Aliyevunjika mkono na aliyevunjika mguu, wote walipita mikononi mwake. Alichovya bendeji zenye unga mweupe katika maji ya uvuguvugu, akazikamua, akazizungusha juu ya pamba, akazilainisha kwa kiganja, na plasta yake ikikauka ilikuwa laini kama ganda la yai. Alijivunia, tusimfichie. Hakuna fundi asiye na maringo kidogo, na anayesema hana ni mwongo au hajui kazi.

Madaktari vijana waliletwa kwake wajifunze, na somo la kwanza lilikuwa lilelile miaka yote.

"Mguu uliovunjika leo utavimba," aliwaambia, kidole hewani. "Plasta haivimbi. Ukimfunga mtu plasta ya kuzunguka siku ileile aliyovunjika, ipasue toka juu mpaka chini kabla hajatoka mlango huu. Asiyepasua asiseme amefundishwa na mimi."

Msumeno wa kupasulia ulining'inia kwenye ndoano kando ya mlango, asiwepo wa kusema ameusahau.

Basi sikiliza alichokifanya bwana huyohuyo.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na mtaani walimwita Sindano, si kwa sababu ya kazi bali kwa sababu ya ulimi. Mumewe ndiye aliyechomwa zaidi. Akichelewa kurudi aliulizwa, "Karibu mgeni, umepotea njia?" Akishika sufuria yeye aliambiwa, "Leo tusali kabla ya kula." Chokaa naye hakuwa bubu, alijibu, na majirani walisema nyumba ile haihitaji redio. Miaka ishirini na mitatu walipendana hivyo, kwa kuchomana.

Asubuhi hiyo, kama saa mbili, Sindano alitoka dukani kwake kupokea robota la kitambaa cha mapazia. Mkokoteni wa saruji ukawaponyoka waliokuwa wakiusukuma, ukateremka, ukambana mguu wa kushoto kwenye ngazi ya duka. Alipofikishwa hospitali Chokaa alikuwa anaosha ndoo. Alisikia sauti kabla ya kuona machela: "Polepole jamani, mimi si gunia la viazi!" Ndoo ikamtoka mkononi.

Picha ilionyesha mfupa wa muundi umevunjika katikati, ngozi ikiwa nzima. Zamu ilikuwa ya daktari mmoja wa mifupa, mwanamke ambaye miaka minane nyuma alijifunza plasta kwa Chokaa na hadi leo alimwita mzee wangu. Akaitazama picha, akaupapasa mguu.

"Mfunge, mzee wangu, halafu tumlaze. Mguu huu uligandamizwa, tumwangalie kwa karibu," alisema, akakimbilia chumba cha upasuaji alikokuwa anasubiriwa na mgonjwa mwingine.

Chokaa akafunga. Mikono yake ilikuwa inatetemeka mwanzoni, lakini maji ya uvuguvugu yakaituliza. Sindano, aliyekwisha kuchomwa sindano ya maumivu, alimtazama akihangaika miguuni pake.

"Kumbe kuvunjika kuna faida," alisema. "Tangu unioe hujawahi kuniosha miguu."

"Nyamaza, unanitikisa."

"Nikinyamaza utajua nimekufa."

Chokaa alicheka, na machozi yakamtoka hapohapo, akayafuta kwa bega kwa sababu viganja vilikuwa vyeupe. Alimfunga kuanzia vidoleni hadi juu ya goti, mzunguko mzima, mara mbili ya unene wa kawaida kwa woga wa mfupa kusogea. Alilainisha kila pindo. Ilipoanza kushika, alisimama nyuma hatua mbili akaitazama, na kwa kweli hajawahi kufunga plasta nzuri kama ile. Akautoa msumeno kwenye ndoano. Akaushika. Akaiona ile plasta nyeupe ya mke wake isiyo na hata mkwaruzo, akafikiria kupitisha meno ya msumeno katikati yake.

"Nitaipasua baadaye, ikikauka vizuri," alijiambia, akaurudisha.

Kosa lenyewe ndilo hilo, wala sina lingine kubwa zaidi la kusimulia. Mwanagenzi asingelifanya, kwa kuwa mwanagenzi angemwogopa Chokaa.

Saa nne Sindano alikuwa kitandani wodini, mguu juu ya mito miwili. Watu wa hospitali walikuja kumpa pole, na Chokaa hakuweza kujizuia, kila aliyekuja alionyeshwa plasta. "Gusa hapa kwenye kifundo," alisema. "Umewahi kuona?" Mgonjwa alitabasamu na wageni.

Saa sita Sindano alisema, "Linabana hili dude lako. Na linauma sana."

"Mfupa umevunjika, mama. Ulitaka ucheke?"

Hata hivyo alichungulia vidole. Vilikuwa na joto. Akabonyeza ukucha ukawa mweupe, akaachia ukarudi mwekundu. Damu inafika, basi hakuna neno. Muuguzi akaongeza dawa ya maumivu na kuuliza kama amwite daktari, na Chokaa akasema hapana, ni kawaida ya siku ya kwanza, subira yavuta heri. Ni kweli yavuta heri, lakini msuli haujui methali.

Saa nane alirudi na kikombe cha chai. Sindano alikuwa ameukamata ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, jasho limemtanda juu ya mdomo.

"Nimekuletea chai. Sukari nimezidisha, usinitukane."

"Asante, mume wangu," alisema Sindano.

Chokaa akabaki na kikombe mkononi. Mume wangu? Asante? Mwanamke huyu alikuwa hajamshukuru kwa adabu namna ile tangu siku walipopelekeana barua za uchumba. Aliweka kikombe chini, akakishika kidole gumba cha ule mguu, akakikunja chini taratibu, kidogo tu.

Sindano alipiga ukelele uliowaamsha wagonjwa wote wa wodi.

Hapo Chokaa alijua. Alilijua jambo hilo kwa jina na kwa dalili, alilifundisha kila mwaka: maumivu yanayopita kiasi cha mfupa, yasiyosikia dawa, yanayolipuka kidole kikikunjwa. Joto la vidole halimaanishi kitu, damu ya ukucha ndiyo ya mwisho kukatika. Alikimbia. Watu walimwona fundi wa miaka hamsini na mbili akikimbia na msumeno wa umeme kifuani, waya ukiburuzika nyuma yake, wakampisha.

Aliipasua plasta yake toka juu mpaka chini, upande huu na upande ule, akaibandua, akakata pamba yote hadi ngozi ikaonekana. Aliivuta mito akaitupa sakafuni, maana mguu ulioinuliwa juu hunyimwa hata ile damu kidogo. Kisha akasubiri. Wengine wote aliowafungulia kwa miaka ishirini na saba walishusha pumzi na kusema, "Ahaa." Sindano hakushusha pumzi. Mguu ulikuwa umejaa, unang'aa, na alipoubonyeza ulikuwa mgumu kama ubao.

"Mwite daktari," alimwambia muuguzi. "Mwambie aache lolote analofanya."

Daktari alifika na kofia ya upasuaji kichwani. Alikunja kidole, akasikia ukelele. Aligusa ngozi kati ya kidole gumba na kile cha pili, akauliza, "Mama, unasikia?" Sindano akatikisa kichwa. Daktari akageuka.

"Maumivu makali yalianza saa ngapi?"

Alikuwa anamuuliza Chokaa. Muuguzi alikuwa amesimama pale, Sindano amefumba macho. Chokaa aliweza kusema, sasa hivi. Neno dogo hilo, nani angelipinga? Lakini alijua kwa nini linaulizwa. Msuli ukinyimwa damu una saa zake, zikipita haurudi, na daktari alitaka kujua zimebaki ngapi.

"Saa sita," alisema. "Aliniambia saa sita. Nikasema ni kawaida."

"Plasta ilipasuliwa saa ngapi?"

"Sasa hivi."

"Namaanisha mara ya kwanza."

"Haikupasuliwa."

Daktari alimtazama kwa kitambo. Afadhali angemtukana. Kisha akainama kwa mgonjwa, na sauti yake ikawa laini.

"Mama, misuli ya mguu wako imekaa kwenye mifuko minne ya utando mgumu. Utando huo hautanuki. Misuli imevimba, haina pa kwenda, inajibana yenyewe mpaka damu haipiti. Nitakata ngozi na utando, mstari mmoja kila upande, misuli ipate nafasi. Halafu vidonda nitaviacha wazi siku kadhaa."

Sindano akafumbua jicho moja. "Wazi? Daktari, mimi nikikata nguo naishona."

"Nikishona leo nitaurudisha ubanaji uleule."

"Na usiponikata?"

"Misuli itakufa. Tukichelewa sana, mguu."

"Basi kata," alisema Sindano, kwa sauti iliyokuwa imebaki kidogo sana. "Ila ukate mstari ulionyooka. Usinitie aibu."

Walimsukuma kwenda upasuaji kabla ya saa tisa. Siku nyingine zote Chokaa aliingia mle bila kubisha hodi. Leo daktari alimwekea kiganja kifuani mlangoni, akasema, "Wewe hapa, mzee wangu." Mganga hajigangi. Akaketi kwenye benchi wanalokalia ndugu wa wagonjwa, benchi ambalo hakuwahi kulikalia, na akagundua kwamba ni gumu na kwamba halina egemeo. Chini ya kucha zake kulikuwa na weupe wa plasta. Alizichokonoa moja moja huku akiomba Mungu, na hakuombea uhai wake wala kazi yake. Aliomba mguu. Alikuwa anauona ule mguu kwenye kanyagio la cherehani, kisigino kikishuka, vidole vikipanda, siku nzima, huku mwenye mguu akimsema mteja kwamba kiuno chake kimeongezeka na asimsingizie fundi.

Daktari alitoka saa kumi na moja, akaketi kando yake.

"Mfupa nimeushika kwa vyuma vya nje," alisema. "Misuli ilichomoza nje mara tu nilipofungua utando. Mifuko mitatu imerudisha rangi palepale. Ule wa mbele umechelewa."

"Wa kunyanyua vidole."

"Huo. Umepauka. Nimeugusa kwa koleo ukashtuka kidogo, kwa hiyo sijaukata. Tutauangalia tena keshokutwa."

Kisha daktari akauliza alichokuwa amekizuia tangu saa nane. "Mzee wangu, wewe ndiye uliyenifundisha. Mbona hukupasua?"

"Ilikuwa nzuri," alisema Chokaa.

Alilisikia neno hilo likitoka, jinsi lilivyokuwa dogo na la kijinga, akaufunika uso kwa mikono yake akalia kama mtoto. Daktari hakumwambia nyamaza. Alimshika bega mpaka alipomaliza, halafu akamwambia kwamba wiki ijayo atawaita madaktari vijana wote, na Chokaa mwenyewe ndiye atakayewasimulia, bila kuficha saa wala dakika. Chokaa akakubali.

Keshokutwa walimrudisha Sindano kwenye nusu kaputi, wakaangalia. Sehemu ya ule msuli wa mbele ilikuwa imekufa wakaiondoa, sehemu kubwa zaidi ilikuwa hai. Vidonda vikafungwa bendeji tena bila kushonwa. Chokaa alikabidhi ufunguo wa chumba cha plasta kwa fundi wa wodi ya watoto, akaomba likizo, na kila siku alikaa kando ya kitanda toka asubuhi. Alimwosha uso mkewe, alimlisha, alimchana nywele vibaya. Hakumtania hata mara moja. Alipotaniwa alisema, "Sawa." Na machoni hakumtazama.

Siku ya tano Sindano alikisukuma kijiko kando.

"Una nini? Unanihudumia kama mtu aliyeua."

Basi akasema. Alisema yote kwa kichwa kilichoinama, msumeno alioushika na kuurudisha, saa sita, muuguzi ambaye yeye alimzuia asimwite daktari. "Mkokoteni ulivunja mfupa tu," alisema. "Mguu nimeuharibu mimi. Sikuombi unisamehe. Nilitaka ulisikie kwangu, usilisikie kwa watu."

Sindano alimsikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Sasa nisikilize na mimi. Nilipokuambia saa sita, lilikuwa linauma tangu saa nne na nusu."

Chokaa akanyanyua kichwa.

"Linauma sana," alisema Sindano. "Nilitaka kupiga kelele. Halafu ukaingia na wale jamaa wa maabara, ukawaambia waguse kifundo. Umesimama hapo, umeshika kiuno, unatabasamu. Mimi nimekaa na wewe miaka yote hii, tabasamu lile nimeliona mara ngapi? Nikasema moyoni, nikilalamika sasa watasema plasta ya Chokaa imemshinda mke wake mwenyewe. Nikavumilia. Nisimwaibishe mume wangu mbele za watu."

"Wewe?" Chokaa aliuliza. "Wewe unayenisema mbele ya wageni? Uliyenisema mbele ya wakwe zako, siku ya posa, kwamba viatu si vyangu?"

"Na havikuwa vyako. Nakusema kwa mambo madogo, Chokaa. Hili lilikuwa kubwa."

Chokaa aliinama akaweka paji la uso wake kwenye mkono wa mkewe, na mkono ule, wenye alama za sindano za miaka mingi kwenye ncha za vidole, ukageuka ukamshika shavu. Mficha maradhi kilio humuumbua, wazee walisema. Hawakusema kwamba kuna anayeyaficha kwa mapenzi.

"Kwa hiyo tumeuharibu wote wawili," alisema Sindano baadaye. "Mimi nusu, wewe nusu."

"Mimi robo tatu."

"Haya, chukua robo tatu. Hata hapa unataka unizidi."

Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu ile siku, na walicheka wakilia, hovyo, hata mgonjwa wa kitanda cha jirani akawauliza kama wana habari njema.

Wiki zikapita. Kidonda cha upande wa ndani wa mguu kikafungwa kwa nyuzi, cha upande wa nje kikafunikwa kwa ngozi iliyochukuliwa pajani, nayo ikashika. Vyuma vya nje vikaondolewa, kikawekwa chuma ndani ya mfupa. Asubuhi moja daktari alisimama miguuni pa kitanda, akasema, "Mama, ninyanyulie vidole."

Sindano akakaza uso wote mpaka meno. Vidole vinne havikwenda popote. Kidole gumba kikapanda, upana wa uzi, kikashuka. Akarudia. Kikapanda tena.

"Kimekwenda," alisema Chokaa, kana kwamba wengine hawana macho.

"Kimekwenda," alisema daktari. "Utatembea, mama. Utachechemea, na cherehani utaikanyaga zaidi kwa mguu wa kulia. Ila kwa sasa unyayo usiachwe kuning'inia, utazoea vibaya. Unahitaji nusu plasta ya kuushikilia, ya upande wa nyuma tu." Akasita. "Nitamwita yule fundi wa watoto."

"Ndiyo, mwite," alisema Chokaa haraka.

"Amwite nani?" Sindano alikuja juu. "Mguu huu ashike nani? Fundi wangu si huyu hapa, anakula likizo bure? Chokaa, kalete ndoo."

"Sindano, mikono yangu..."

"Ina nini? Kalete ndoo. Na safari hii nitalalamika."

Akaleta. Alipiga magoti miguuni pa kitanda, akachovya, akakamua, na mikono ilikuwa inatetemeka na maji hayakuituliza. Alikuwa hajaweka hata tabaka la kwanza.

"Maji ya baridi hayo!" alisema Sindano.

Akabadilisha maji.

"Sasa unaniunguza. Pamba haitoshi kisigino. Hapo panachoma. Hapana, si hapo, pale. Unabana! Chokaa, unabana!"

"Hapa?"

"Hapo."

Akabandua, akaanza upya. Wodi yote ilikuwa imegeuza vichwa. Mwanamke wa kitanda cha jirani alishika mbavu kwa kucheka, muuguzi akaacha kugawa dawa. Sindano alilalamika kuhusu pamba, kuhusu bendeji, kuhusu magoti ya mumewe yanayolia akiinama, na kila lalamiko Chokaa alilipokea, akauliza wapi, akalegeza. Alibandua mara tatu. Jasho lilimtiririka, na moyo wake ulikuwa mwepesi kuliko siku yoyote tangu asikie sauti ile kwenye machela.

Alipomaliza, plasta ilikuwa na mabonde na vilima, upande mmoja mrefu kuliko mwingine. Sindano aliitazama kwa muda.

"Miaka ishirini na saba kazini," alisema, "ndiyo hii?"

"Ndiyo hii. Inabana?"

"Haibani."

"Niambie kweli."

"Haibani, nakuambia. Lakini sijui itakavyokuwa saa sita."

"Nitakuja saa tano," alisema Chokaa.